Hela, sarafu ya mji wa chumvi

Mtu wa Morogoro akisema "sina hela", anataja jina la mji wa Ujerumani. Mji wenyewe ni Schwäbisch Hall, kando ya mto Kocher, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Ulikua kwa sababu ya chemchemi ya maji ya chumvi: watu waliyachemsha, wakauza chumvi, wakatajirika. Kuelekea mwaka 1200 palikuwa tayari na kiwanda cha sarafu cha kifalme kilichokuwa kikifua visarafu vyembamba vya fedha, upande mmoja kiganja cha mkono kilichonyooshwa, upande wa pili msalaba. Mkono na msalaba huo vimo kwenye nembo ya mji hadi leo. Wafanyabiashara waliviita visarafu hivyo kwa jina la vilikotoka, Haller Pfennig, yaani pfennig (sarafu ndogo ya Kijerumani) ya Hall. Ndimi zikafupisha, ikawa Haller, kisha Heller.

Hapo pana mtego. Katika Kijerumani cha leo neno "heller" pia lina maana ya "yenye mwanga zaidi", kutokana na "hell", angavu. Msomaji mwenye haraka atasema sarafu iliitwa hivyo kwa kung'aa. Sivyo. Maneno hayo yamekutana kwa sauti tu, na historia ya sarafu hii ni historia ya kufifia.

Siri ya kufifia huko ni shaba. Heller ilipopendwa, miji mingine ya Ujerumani iliiga, kila mmoja ukifua ya kwake. Anayefua sarafu hupata faida akipunguza fedha na kuongeza shaba, na jirani akifanya hivyo nawe huna budi kufuata, la sivyo watu watazificha zako nzuri na kulipana kwa zake mbaya. Basi fedha ikachakachuliwa kizazi hadi kizazi. Sarafu iliyoanza ikilingana na pfennig ikashuka hadi kuwa nusu yake, na rangi yake ikabadilika kutoka nyeupe kuwa nyekundu. Mwishoni ilifuliwa kwa shaba tupu. Ndipo Kijerumani kilipopata usemi wa "heller nyekundu": kitu kisicho na thamani hata ya heller nyekundu ni kitu bure kabisa, na asiye na heller nyekundu ni fukara wa mwisho. Mwenye kulipa deni lake lote bila kubakiza chochote, nao husema amelipa "hadi heller na pfennig".

Martin Luther, alipotafsiri Agano Jipya mwaka 1522, aliikuta sarafu hii ikiwa tayari chini kabisa ya ngazi. Katika Mathayo 5 anayetupwa gerezani hatoki mpaka alipe heller ya mwisho. Katika Marko 12, vile visarafu viwili vya mjane maskini, vikijumlishwa, vinafanya heller moja. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, katika mistari hiyo hiyo, imeweka senti. Katika Kigiriki cha asili mjane anatoa lepta mbili. Naomba msomaji alishike neno hilo lepta, kwa sababu tutalirudia.

Heller ilivuka mipaka. Wacheki wanaiita haléř, Waslovakia halier, Wapolandi halerz. Mwaka 1892 dola ya Austria na Hungaria ilipoacha gulden ya zamani na kuanzisha krone, iliigawa krone moja kuwa heller 100, na kwa hiyo neno lililokuwa likizeeka likapewa kazi mpya: kutaja sehemu moja ya mia. Ila si kila taifa ndani ya dola hiyo lililikubali. Wahungaria waliita sehemu ile fillér, neno lililotokana na Kijerumani "Vierer", sarafu yenye thamani ya nne. Waslovenia waliiita vinar, ambayo ndani yake limo jina la mji wa Vienna. Sarafu zenyewe za upande wa Austria hazikuandikwa jina lolote: tai mwenye vichwa viwili upande mmoja, tarakimu na mwaka upande mwingine, basi. Katika dola ya lugha nyingi kiasi kile, tarakimu peke yake haikumkera mtu.

Hadi hapa mkondo unaeleweka: sarafu inashuka, neno linashuka nayo, mwisho linabaki katika misemo ya umaskini. Ajabu inaanza unapofika Afrika Mashariki, ambako neno hilo hilo lilipanda likawa jina la fedha zote. Wengi hulitaja jambo hili kama bahati tu ya historia. Kwa maoni yangu si bahati. Ni kanuni, na ushahidi wake umetapakaa Ulaya nzima.

Tazama Romania. Sarafu yao ni leu, nayo hugawanywa kuwa bani 100. Lakini Mromania akitaka kusema "fedha" kwa jumla husema "bani". Warusi husema "dengi", wingi wa "denga", sarafu ya Warusi wa kale iliyokuwa nusu ya kopeki. Waserbia husema "pare", kutokana na para, ambayo kwao ni sehemu ya mia ya dinari. Waitalia husema "soldi", na soldo ilikuwa sehemu ya ishirini ya lira. Wacheki husema "peníze", Wapolandi "pieniądze", Wahungaria "pénz": yote ni yale yale ya pfennig na peni, sarafu ndogo ya kila siku ya zama za kati. Na Wagiriki? Husema "leftá". Ndizo lepta za yule mjane, sehemu ya mia ya drakma. Kile kisarafu kilichokuwa mfano wa kitu kidogo kuliko vyote ndicho leo kinachotaja fedha zote za nchi.

Kisa cha soldi kinastahili mstari wa ziada. Solidus ya Kirumi, ya zama za Konstantino, ilikuwa sarafu ya dhahabu, 72 kwa ratili moja ya Kirumi, karibu gramu nne na nusu kila moja. Neno halikuwa jina la fedha zote wakati sarafu ilipokuwa dhahabu. Lilikuwa hivyo baada ya kushuka mpaka mkononi mwa muuza mboga. Njiani liliacha watoto: sueldo, mshahara kwa Kihispania, na neno la "askari" katika lugha kadhaa za Ulaya, maana askari ni mtu wa kulipwa.

Sasa angalia sarufi, maana kwangu ndiyo yenye jibu. Bani, dengi, pare, soldi, leftá, peníze: yote ni maneno ya wingi. Fedha ya mtu wa kawaida ni visarafu vingi vidogo, kwa hiyo jina la kisarafu likiwekwa katika wingi hupanda na kuwa jina la mali. Likibaki katika umoja, na hasa likitanguliwa na kukanusha, huzama na kuwa jina la "si kitu". Mjerumani hasemi hana heller nyekundu nyingi. Anasema hana hata moja. Neno ni lile lile, linaloamua ni idadi.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko nyumbani. Chukua senti. Mswahili husema "sina hata senti moja", na hapo senti ni alama ya ufukara, sawasawa na heller nyekundu, sawa pia na ndururu, ile sarafu ya senti tano. Vuka mpaka uingie Uganda. Mganda husema "ssente" akiwa na maana ya fedha kwa jumla. Sarafu ni moja, ilitumika chini ya utawala mmoja wa Waingereza. Ziwa Viktoria halikubadilisha thamani yake. Kiganda kililichukua neno kwa wingi, Kiswahili kikalitumia kwa umoja wa kukanusha.

Turudi kwenye hela yenyewe, tuione ilivyoingia. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake, ikifuata mfumo wa Kihindi uliokwisha kuota mizizi pwani: rupia moja ni pesa 64. Neno pesa linatokana na paisa ya Kihindi. Wapo wanaolihusisha na peso ya Kihispania kwa kufanana kwa sauti, lakini hesabu inawakatalia: peso ilikuwa sarafu kubwa ya fedha, na pesa ya Zanzibar na ya Wajerumani ilikuwa shaba ndogo, 64 kwa rupia, kama ilivyokuwa paisa kule India. Hii ndiyo njia ya kupima asili ya jina la sarafu. Sauti peke yake hudanganya. Uliza pia sarafu ilikuwa ya metali gani, ngapi zilifanya ile kubwa, na ilifika lini.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni, ikiwa imekwisha kuchukua madaraka ya fedha kutoka kwa kampuni, ilifuta pesa 64 ikaweka heller 100 kwa rupia. Rupia yenyewe ilifungwa kwa mark, fedha ya Ujerumani iliyogawanywa kuwa pfennig 100: rupia 15 kwa mark 20. Kwa nini heller, jina lililokuwa limekwisha kutoweka katika sarafu za Ujerumani tangu mark ilipoanzishwa katika miaka ya 1870? Piga hesabu. Rupia moja ilikuwa pfennig 133 na theluthi moja, kwa hiyo sehemu yake ya mia ilikuwa pfennig moja na theluthi. Ukiipa jina la pfennig, umetengeneza pfennig mbili zisizolingana ndani ya himaya moja. Jina la zamani lilikuwa wazi, halina mwenyewe, na jirani Austria alikuwa amekwisha kulizoesha watu kama sehemu ya mia.

Mabadiliko hayo yalikuwa na usumbufu wake, nao unaonekana ukikaa na kalamu. Pesa 64 zilikuwa sawa na hela 100, kwa hiyo pesa moja ni hela moja na nusu na kidogo zaidi. Hesabu mbili hizo hazikutani kwa namba kamili mpaka ufike pesa 16, sawa na hela 25. Chini ya hapo kila bei ilibaki na mkia. Kitu kilichouzwa pesa moja, muuzaji akikitaka kwa hela moja amepata hasara ya zaidi ya theluthi, akikitaka kwa hela mbili mnunuzi ameumia. Serikali ilifua pia nusu hela, lakini hata hela moja na nusu haikufika kamili kwenye pesa moja. Katika biashara za chumvi, tumbaku na samaki wa kukaanga, tofauti hiyo ndiyo faida yenyewe.

Sarafu nazo zilikuwa na akili yake. Hela moja ya shaba ilikuwa na uzito wa gramu 4. Hela tano ya mwaka 1908 ilikuwa gramu 20, yaani mara tano kamili, na upana wake ulikaribia milimita 37: kipande kikubwa kama kifuniko cha chupa ya dawa, kizito mfukoni, na mfuko wenyewe wengi hawakuwa nao. Mwaka 1913 ikaja hela tano ndogo ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, yenye tundu katikati, ikiifuata hela kumi iliyokuwa na tundu tangu 1908. Tundu ni jambo dogo lenye maana kubwa. Sarafu yenye tundu hutungwa kwenye kamba kama shanga, huhesabika kwa vidole gizani, na mwenye kufunga hela kwenye pindo la kanga au la shuka hapotezi.

Sasa weka kodi ya kibanda juu ya hayo. Ilianza kutozwa mwaka 1898, na kiasi cha vijijini kilikuwa rupia 3. Kwa rupia za fedha ni vipande vitatu, gramu 35 kwa jumla. Kwa hela moja moja ni 300, kilo moja na robo kasoro kidogo ya shaba. Rupia ilikuwa fedha ya boma: ndiyo iliyotajwa kwenye risiti ya kodi na kwenye mkataba wa kibarua. Hela ilikuwa fedha ya soko, ya muhogo, ya kibiriti. Nadhani hii ndiyo sababu Kiswahili cha Bara hakikusema "sina rupia". Mtu alikutana na rupia mara chache kwa mwaka, na mara nyingi akiipeleka kwa mwingine. Hela alikutana nayo kila asubuhi.

Umbo la neno nalo linaonyesha kwamba liliingia kwa sikio kabla ya kuingia kwa maandishi. Mjerumani haitamki "r" ya mwisho katika Heller. Husikika kama "hela", yenye "a" dhaifu mwishoni. Kiswahili kiliandika kilichosikia. Lingeingia kwa kusomwa kwenye sarafu, tungekuwa na "heleri" au "hela-ra" fulani, kama Wacheki walivyobaki na "ř" yao. Halafu likaingia katika ngeli ambayo umoja na wingi vina umbo moja, nao upatanisho wake ndio unaotoa siri: "hela zangu", "hela zimeisha", "hela zote". Huo ni wingi ule ule wa bani na leftá. Kirundi kimeuonyesha wazi zaidi, maana Burundi nayo ilikuwa chini ya Wajerumani: fedha kwa Kirundi ni "amahera", heller yenye kiambishi cha wingi mbele na "l" iliyogeuka "r". Hata sisi tukitaka kusema fedha za kupindukia husema "mahela".

Hela haikufika Mombasa wala Unguja kwa nguvu hiyo, kwa sababu sarafu yenyewe haikutawala huko. Ndiyo maana Mkenya hadi leo ulimi wake hukimbilia pesa, na Wakikuyu husema "mbeca", na huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanzia Kenya mwaka 2007 ikaitwa M-Pesa. Mpaka wa maneno haya mawili, ukiuchora kwa wino, unafuata kwa karibu mpaka wa Wajerumani na Waingereza wa miaka ile. Hakuna lahaja iliyoufanya. Ulifanywa na viwanda vya sarafu.

Hela za mwisho zilifuliwa wakati wa vita. Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimeifunga bahari, Wajerumani walitengeneza sarafu katika karakana ya reli ya Tabora: hela 5 na hela 20 za shaba na shaba ya njano, zilizofuliwa kwa haraka, kingo zake hazilingani, pamoja na rupia 15 ya dhahabu ya mgodi wa Sekenke yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Wakusanyaji wa sarafu hulipa bei kubwa kwa yule tembo. Kwa mwanafunzi wa lugha, hela 20 ile mbovu ina uzito zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba hata dola ilipokuwa inaanguka soko lilidai hela. Miaka michache baadaye shilingi ya Afrika Mashariki na senti zake zilishika nafasi.

Sarafu ikawa imeishi miaka isiyofika ishirini, ikaondoka ingali inanunua kitu. Hii ni sababu ya pili ya neno kubaki na heshima. Kule Ujerumani heller iliishi zaidi ya miaka 600 na watu wakaishuhudia ikizama hadi kuwa shaba tupu. Huku hakuna aliyeiona ikizeeka. Senti, iliyoirithi, ndiyo iliyozeeka mbele ya macho yetu, nayo ndiyo iliyobeba misemo ya ufukara.

Ipo dhana kwamba hela ni neno la mtaani, la kuandikwa kwa woga, na kwamba mwandishi makini aandike fedha. Ni kweli tuna Wizara ya Fedha, na sioni haja ya kuibadili jina. Lakini fedha ni jina la metali, kutoka Kiarabu, kama Wafaransa wanavyotumia "argent" kwa fedha ya kupambia na ya kununulia. Ni neno la hazina na la bajeti. Hela ni neno la mkono. Anayeandika mazungumzo ya sokoni Tabora na kuwatia watu wake "fedha" mdomoni amekosea sauti ya mahali, na kamusi inayoandika tu "hela: fedha, pesa" bila kutaja sarafu, mwaka 1904 na zile 100 kwa rupia, inamnyima mwanafunzi sehemu iliyo bora.

Wacheki wamekuwa wakiiaga haléř taratibu. Za 10 na 20 ziliondolewa mwaka 2003, ya 50 ikaondolewa mwaka 2008. Waslovakia walizika halier walipoingia kwenye yuro Januari 2009. Hata hivyo bei za petroli na hesabu za benki huko Cheki bado huandikwa kwa haléř. Ukilipa taslimu huzungushwa hadi koruna nzima, ambayo ni haléř 100, ukilipa kwa kadi hukatwa zote hadi ya mwisho. Na wana methali: "Haléře dělají talíře", visarafu ndivyo vinavyofanya sahani. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Katika methali hiyo haléř imo katika wingi.